"Fundi, huku tuko mbali": dhana potofu kuhusu intaneti ya setilaiti

Mteja akiwa Kizingitini, Ndau au ndani kabisa ya Magarini, kabla hajauliza bei huniuliza: "Fundi, huku tuko mbali sana, mtandao utafika kweli?" Nafunga madishi ya intaneti ya setilaiti kuanzia Kilifi hadi visiwa vya Lamu, na swali hili limenichosha. Aliyeuliza hana kosa, kwani kila aliyezoea mtandao wa simu angeuliza vivyo hivyo. Kinachoniudhi ni kwamba wapo wanaolitumia swali hilo kuuza vifaa visivyohitajika. Mwalimu mkuu wa shule ya kisiwani anaambiwa dukani kwamba kwa umbali ule lazima anunue busta, au paipu refu la kuvutia mawimbi. Paipu kama hilo nimelikuta katikati ya uwanja wa shule, limeshikiliwa kwa waya nne, dishi liko kileleni likiyumbishwa na kusi, na mtandao unakatika kwa sababu ya huko kuyumba. Tuliliteremsha dishi tukalifunga kwenye ukuta wa tangi la maji. Wanafunzi wakaingia mtandaoni siku ile ile.

"Huku mbali mtandao ni hafifu, mjini ndiko unakoshika"

Watu wanapima umbali kutoka kwenye mnara. Simu yako inataka mnara ulio karibu, mnara nao unataka umeme, barabara ya kufikia, na wateja wa kutosha kuulipia. Kijiji chenye nyumba chache hurukwa. Setilaiti haiangalii hayo. Wateja wangu wengi wanatumia Starlink, huduma ya intaneti ya kampuni ya Marekani ya SpaceX, na setilaiti zake nyingi zimekuwa zikizunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550. Ikipita juu ya kisiwa cha Kiwayu iko kilomita 550 juu, ikipita juu ya Westlands jijini Nairobi ni kilomita zile zile 550. Kwa setilaiti hakuna wa mjini wala wa shamba.

Cha kuangalia ni mnagawana wangapi. Kampuni imeigawa ardhi vipande vipande, kila kimoja kina upana wa takriban kilomita 20, na kila kipande kinamulikwa na miale yenye uwezo wenye kikomo. Waliomo ndani ya kipande kimoja wanachota kwenye bomba moja: wakiwa kumi kila mtu anajaza ndoo yake haraka, wakiwa elfu foleni inaanza, hasa saa mbili za usiku kila nyumba inapofungua video.

Ndiyo maana Novemba 2024 Starlink iliacha kupokea wateja wapya Nairobi na kaunti jirani za Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Nafasi zilikuwa zimejaa, na hazikufunguliwa tena hadi Juni 2025. Miezi hiyo yote mtu wa Marsabit au Tana River alikuwa ananunua dishi na kuunganishwa bila kizuizi. Simu nilizopigiwa na watu wa Kiambu zilikuwa za hasira: mbona Turkana wanapewa na sisi tulio karibu na Nairobi tunanyimwa? Nyumba ya Kiambu inakuta maelfu wamekwisha kufika kwenye bomba lake, ya Turkana inakuta bomba tupu.

Ukilielewa hili utaielewa biashara nzima ya kampuni hizi. Setilaiti ya kimo cha chini haikai mahali pamoja. Inakwenda takriban kilomita 27,000 kwa saa na kuizunguka dunia kwa takriban dakika 95. Iliyokuwa juu ya Nairobi sasa hivi, baada ya dakika moja au mbili inaweza kuwa juu ya Bahari ya Hindi, ambako hakuna wa kumuuzia isipokuwa meli na ndege. Gharama ya kuirusha ilikwisha kulipwa, iwe inapita juu ya watu au juu ya maji. Kwa hiyo mteja wa sehemu tupu hamnyang'anyi mtu yeyote kasi, na kila shilingi anayolipa ni ya ziada kwa kampuni. Mteja wa mjini analipa pia, lakini anampunguzia jirani yake. Elon Musk mwenyewe, mkuu wa SpaceX, alisema Machi 2020 kwamba Starlink haiwezi kuihudumia miji mikubwa vizuri, na kwamba walengwa wake ni ile asilimia 3 au 4 ya wateja ambao kampuni za simu zinashindwa kuwafikia.

Basi tazama ilivyokua. Setilaiti 60 za kwanza za huduma zilirushwa Mei 2019. Mwishoni mwa 2020 nyumba za kaskazini mwa Marekani na za Kanada zikaanza kujaribu. Desemba 2022 wateja walifika milioni 1, Septemba 2024 milioni 4, na Agosti 2025 walikuwa wamepita milioni 7. Kenya huduma ilianza Julai 2023, dishi likiuzwa takriban shilingi 89,000. Mwaka mmoja baadaye, 2024, uliweza kulikodi kwa shilingi 1,950 kwa mwezi, na kulikuwa na kifurushi cha gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300. Bei hizo zingeweza kuwafaa sana watu wa mbali, lakini waliozikimbilia kwanza ni wa mjini, na mji ukajaa.

Ninachowaambia watu wa mjini, wa Nyali na Mtwapa, ni hiki, hata kama kinaninyima kazi: ukiwa na nyaya za faiba mlangoni, chukua faiba. Dishi liachieni lile eneo ambalo faiba haitafika.

"Anga si liko juu tu? Lifunge popote"

Hii ndiyo ya pili kwa kunikera, na hapa nchini ina uzito kuliko Ulaya. Njia za setilaiti nyingi za Starlink zimeinama nyuzi 53 kutoka ikweta, kwa hiyo zinasongamana zaidi kwenye latitudo za London na kutawanyika zikipita juu yetu. Tena kwenye ikweta zile setilaiti za zamani za kimo cha juu zimejipanga utosini, kutoka mashariki hadi magharibi, na kanuni za kimataifa za masafa zinazitaka setilaiti za chini zisiziingilie hizo za juu. Dishi lako linabaki kutegemea zaidi anga la kaskazini na la kusini. Mwembe mmoja ukiziba upande wa kusini, umeziba sehemu kubwa ya kile ulicholipia.

Dishi hubadilisha setilaiti kila baada ya muda mfupi. Likifika kwenye ile iliyojificha nyuma ya tawi, mtandao unakata sekunde kadhaa, kisha unarudi. Ujumbe wa WhatsApp unapita, lakini mkutano wa video unaganda, na mteja ananipigia kulalamika kwamba kifurushi hakina kasi. Mama mmoja wa Magarini alikwisha kulipia kifurushi kikubwa zaidi kabla sijafika. Kifurushi hakikuwa na shida. Minazi mitatu ilikuwa inaning'iniza makuti mbele ya dishi, na kila upepo ukivuma mtandao unakwenda na kurudi.

Pima anga kabla ya kulipa. Pakua programu ya kampuni kwenye simu, simama pale pale unapotaka kufunga, zungusha kamera angani kama inavyokuelekeza, na itakuonyesha kwa rangi palipozibwa. Ni bure na haihitaji dishi. Pima pembe zote za kiwanja, pima juu ya paa, pima juu ya tangi. Mara nyingi mti hauna haja ya kukatwa, kwa sababu kebo inayokuja na dishi la kawaida ina mita 15, na ndani ya mita 15 karibu kila boma lina mahali peupe. Msilifiche dishi chini ya upenu wa makuti eti lisinyeshewe. Limetengenezwa linyeshewe. Cha kuogopa pwani ni chumvi, basi tumieni nati na bolti zisizoshika kutu.

"Intaneti ya setilaiti ni polepole"

Ilikuwa kweli kwa zile setilaiti za zamani za kimo cha juu, kilomita 35,786. Ombi lipande, lishuke, jibu lipande, lishuke: zaidi ya kilomita 143,000, na hata kwa mwendo wa mwanga, kilomita 300,000 kwa sekunde, ni karibu nusu sekunde ya kungoja. Ndiyo ile simu ya zamani ambayo mnaongea mkikatizana. Kwa kilomita 550 safari hiyo hiyo ni takriban kilomita 2,200, chini ya sehemu moja ya mia ya sekunde. Muda mwingi unaobaki unapotelea ardhini, na ulipungua sana hapa Kenya Januari 2025 Starlink ilipofungua kituo chake cha kuunganishia mtandao Nairobi. Kabla ya hapo data ya mtu wa Lamu ilizungukia nchi za nje kwanza.

"Ikinyesha hamna mtandao"

Mawingu hayana neno. Mvua kubwa ya masika inaweza kukata kwa dakika chache, kisha mtandao unarudi wenyewe. Msizime ruta, msiguse dishi.

"Ukiwa na setilaiti huna shida ya kebo za baharini"

Mei 2024 kebo za EASSy na SEACOM zilipokatika karibu na Afrika Kusini na mtandao wa Afrika Mashariki ukasuasua, wengi walinunua dishi wakiamini wamejitoa kabisa. Setilaiti inabeba kipande cha kwanza cha safari. Mwisho data inashuka kwenye kituo cha ardhini na kuingia kwenye kebo zile zile zinazounganisha dunia. Ni njia ya akiba nzuri, kwa sababu inaweza kushukia kwingine, lakini nayo huanguka: tarehe 24 Julai 2025 Starlink ilizimika sehemu kubwa ya dunia kwa takriban saa mbili na nusu kwa hitilafu ya programu zake za ndani. Zahanati isitupe laini ya simu.

"Sola ya taa inatosha"

Haitoshi, na huku visiwani dhana hii ndiyo inayoua mitambo mingi. Dishi la kawaida linakula takriban wati 75 hadi 100. Chukua 75, zidisha kwa saa 24: umetumia wati-saa 1,800 kwa siku. Betri ya asidi ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba wati-saa 1,200, na ukitaka idumu unatumia nusu yake. Hizo ni saa nane, hujawasha hata taa moja. Mtu anaambiwa betri moja inatosha, baada ya miezi michache betri imekufa, na lawama zinakwenda kwa setilaiti.

Kwa nyumba ya watu watano au zahanati ndogo mimi hupendekeza lile dishi dogo, Mini. Linatumia takriban wati 25 hadi 40 na linapokea umeme wa betri moja kwa moja bila inveta. Kwa betri ya volti 12, mpe fundi kazi ya kupima volti zinazofika kwenye dishi lenyewe, maana waya mrefu na mwembamba huzipoteza njiani na dishi likawa linajizima na kujiwasha. Zahanati inayofunga saa kumi jioni haina sababu ya kuacha dishi la kawaida likiwaka hadi asubuhi. Kwenye programu ya simu kuna ratiba ya kulilaza usiku, iwekeni siku ile ile ya kufunga, fundi akiwa bado yupo.