Magoti yote mawili: siku moja, au moja baada ya jingine?

Magoti yakisagika yote mawili hadi kuhitaji upasuaji wa kuwekewa magoti bandia, familia huja na hesabu yao tayari: kitanda kimoja, ganzi moja, uchungu mmoja, likizo moja ya anayemuuguza mama. Hesabu hiyo ni ya kweli. Ila mimi huanzia kwenye moyo, mapafu na damu ya mgonjwa.

Ili tupate pembe sahihi ya kukata mfupa wa paja, mara nyingi tunautoboa pale gotini na kupitisha chuma kirefu ndani ya uwazi wake kuelekea juu. Chuma kikizama, uboho na mafuta husukumwa kwenye mishipa ya damu hadi mapafuni. Kwa goti moja, mapafu ya watu wengi huhimili. Kwa mawili, mzigo wa pili unafika wa kwanza haujaisha. Hapo hatari ya kuyumba kwa moyo, ya bonge la damu kuziba mapafu na ya kuhitaji kuongezewa damu huwa kubwa zaidi. Ndiyo maana aliyepita miaka 75, aliyewahi kupata shambulio la moyo au mwenye ugonjwa wa mapafu namshauri goti moja kwanza. Hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikiwa chini ya gramu 13 kwa desilita, tunatafuta sababu na kuitibu kabla ya kupanga tarehe. Kipimo cha sukari cha miezi mitatu kikizidi asilimia 8, tunasubiri, hata kwa goti moja. Kwetu huku kipimo cha selimundu nacho kisikosekane, kwa sababu ya mkanda unaobanwa pajani kuzuia damu: chembe za damu za mwenye selimundu hujipinda zikikosa oksijeni.

Lakini yupo mgonjwa ambaye kumtenganishia magoti ni kumwonea: yule ambaye yote mawili yamejikunja na hayanyooki tena, tuseme kwa nyuzi 30 kila moja. Ukinyoosha la kulia peke yake, mguu wa kulia unakuwa mrefu. Akisimama wima, kisigino cha kushoto hakigusi sakafu, basi anakunja goti jipya ili miguu ilingane. Anatembea hivyo wiki baada ya wiki, kovu linakaza nyuma ya goti, na mkunjo tulioutoa unarudi. Huyu, moyo ukiruhusu, afanyiwe yote pamoja. Usiporuhusu, la pili lisicheleweshwe, na kwa sasa kiatu cha mguu ambao haujapasuliwa kiongezwe soli.

Wagonjwa wengine tunawatenganishia magoti kwa miezi mitatu hivi, tukianza na linalouma zaidi. Wapo ambao goti la pili, likipunguziwa mzigo, hutulia kiasi cha kusubiri sana.

Mkichagua yote pamoja, ombeni jambo hili liandikwe kwenye fomu ya ridhaa: goti la kwanza likimalizika, daktari wa ganzi aangalie oksijeni, presha na damu iliyopotea, na akisema basi, la pili liachwe. Kuacha hapo si kushindwa.

Kisha tazameni mikono. Kwa wiki za mwanzo mgonjwa hana mguu mzima wa kuegemea. Anainuka kwa mikono yake. Mwenye baridi yabisi vidoleni hataweza kuisukuma fremu ya kutembelea. Nyumbani kuwe na kiti kigumu chenye mikono, kimo cha sentimita 50 hivi, na choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti cha juu kabla hajaruhusiwa kurudi.