Redio inaimba, kioo hakionyeshi kitu

Mteja akiniletea redio ya gari hapa Mwanjelwa, Mbeya, na kusema "fundi, inaimba vizuri ila kioo kimekufa", mara nyingi ameshashauriwa na mtu anunue nyingine. Huwa inaniuma, kwa sababu nyingi kati ya hizo zinapona. Watu wanaita "kioo kimekufa" maradhi manne matano yasiyofanana hata kidogo, na kila moja lina dawa yake.

Anza na tochi ya simu. Washa redio, kinga jua kwa mkono, kisha mulika kioo kwa mshazari, si usoni moja kwa moja. Ukiona tarakimu za saa au za stesheni kwa mbali, hafifu, basi kioo ni kizima. Kioo cha LCD hakitoi mwanga wake chenyewe. Ni kama dirisha lenye pazia, mwanga unatoka kwenye taa iliyo nyuma. Hapo kilichokufa ni taa tu.

Redio nyingi za Corolla na Mark II za miaka ya 1990 zina globu ndogo sana zilizovishwa kofia ya mpira ya kijani au buluu. Usiitupe hiyo kofia, ndiyo inayoupa mwanga rangi yake. Wengi siku hizi wanaweka LED badala ya globu, na ni sawa, lakini pima kwanza umeme unaofika pale. Kama ni umeme wa gari moja kwa moja, injini ikiwaka utakuta hadi volti 14.4, wakati LED nyeupe inataka volti 3 na kitu. Mimi naweka rizista, kile kidude cha kupunguza mkondo wa umeme, ya omu 1,000. Mkondo unakuwa kama miliampia 11, mwanga unatosha, na rizista haipati moto. Anayeunga LED bila rizista anaiunguza palepale.

Kama kioo chako ni kile kinachowaka chenyewe kwa rangi ya kijani-buluu, tochi haitakusaidia. Hicho kinahitaji umeme mkubwa kuliko wa betri, unaotengenezwa ndani ya redio. Hapo kagua sehemu ya umeme na kapasita zake (vile vidude vya kuhifadhi umeme) kabla hujagusa kioo.

Ugonjwa ninaokutana nao sana ni wa mistari kukatika: 8 inasomeka 6, au herufi zinabaki nusu. Magari yetu yanapita barabara za vumbi na mawe, na mtetemo ule unalegeza mguso kati ya kioo na bodi ya saketi iliyo ndani ya redio. Bonyeza ukingo wa fremu kwa kidole gumba. Mstari ukirudi, umeshajua pa kwenda.

Fungua fremu ya kioo taratibu. Ukikuta kipande chembamba cha mpira chenye mistari myeusi na ya rangi nyingine, una bahati. Mistari myeusi inapitisha umeme, mingine haipitishi, inapokezana. Futa mpira, ukingo wa kioo na njia za dhahabu kwenye bodi kwa spiriti na kitambaa cha pamba. Usitumie petroli wala tina. Ukishafuta, usishike tena pale kwa vidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuurudisha ugonjwa.

Ukikuta utepe uliobandikwa kwenye kioo, hiyo ni kazi nyingine kabisa. Njia zake zimechapwa kwa kaboni na kushikizwa kwa gundi ya joto, kwa hiyo spiriti nyingi inazivua. Ninapunguza joto la chuma cha kulehemu, nafunika ncha yake kwa mpira wa silikoni, nagandamiza sehemu ndogo kwa sekunde chache, kisha naushikilia utepe mpaka upoe ndipo nasogea mbele. Ukiharakisha, utepe unajikunja na hakuna wa kuuokoa.

Kuna malalamiko ambayo si ubovu. Dereva anayeteremka Tukuyu kwenye ukungu amewasha taa mchana, redio inajipunguza mwanga kwa sababu waya wa taa ndogo, mara nyingi wa rangi ya chungwa, umeiambia ni usiku. Zima taa, mwanga utarudi. Kama hafifu haiondoki, huenda aliyefunga redio aliuunga waya huo kwenye umeme wa kudumu. Asubuhi ya Julai njia ya Isyonje kwenda Kikondo, tarakimu zinabadilika kwa uvivu kwa sababu ya baridi. Gari likipata joto zinachangamka. Na redio ya Kijapani iliyowekewa kifaa cha kuongeza masafa inaonyesha 88.0 huku unasikiliza stesheni ya 100.0, kwa kuwa kifaa kinashusha masafa kwa 12. Kioo hakijakosea.

Kabla ya kuchomoa betri, uliza kama redio ina namba ya siri. Zile za Kijapani zenye ramani, nyingi zikikatiwa umeme zinadai namba au kadi ya ramani, na mteja atakulaumu wewe.

Magari yanayolala juani Igurusi au Ubaruku yananiletea madoa meusi. Hapo imeungua karatasi laini ya kuchuja mwanga iliyobandikwa juu ya kioo. Inabanduliwa, gundi inafutwa, inabandikwa mpya. Igeuze kabla ya kuikata: ukikosea upande, maandishi yanageuka meupe juu ya weusi.

Doa likiwa ndani ya kioo chenyewe na linatambaa kila wiki, kioo kimepasuka na majimaji yanavuja. Hicho hakitengenezeki. Tafuta redio mbovu ya aina ileile, linganisha namba iliyoandikwa kwenye bodi, uhamishe kioo chake.