Je, wajua kwa nini manowari za mahasimu zilikatazwa kuelekezeana mizinga?

Manowari za mataifa mawili hasimu zikikutana katika bahari kuu, hakuna mpaka wa kuzitenganisha. Kila moja ina haki ya kupita. Basi hufuatana, huviziana, hupimana ubavu, na mwenye kuamua la kufanya ni nahodha aliye pale, si rais aliye ikulu.

Tarehe 27 Oktoba 1962, wakati wa mgogoro wa makombora ya Cuba, Marekani na Wasovieti walipokaribia vita kwa sababu ya makombora ya nyuklia ya Kisovieti yaliyowekwa Cuba, nyambizi ya Kisovieti B-59 ilikuwa imejificha chini ya maji. Betri zilikaribia kuisha, joto ndani limepita nyuzi 45, hewa nzito. Juu yake manowari za Marekani zikaanza kudondosha baruti ndogo za mazoezi. Kwa Wamarekani, vishindo vile vilikuwa na maana moja: ibukeni tuwaone. Maelezo ya ishara hiyo walikwisha yapeleka Moscow, lakini mabaharia wa B-59 hawakuyapata. Wao walisikia chuma kikigongwa pande zote, wasijue kama huko juu vita imeanza.

Na ndani mlikuwa na topido, yaani kombora la chini ya maji, yenye kichwa cha nyuklia, jambo ambalo Wamarekani hawakulijua! Kwa simulizi ya ofisa mmoja aliyekuwemo, nahodha Valentin Savitsky aliamuru iandaliwe. Ofisa mwenzake, Vasily Arkhipov, akamtuliza, na nyambizi ikaibuka. Kila nikiisoma habari hii, kinachonitisha zaidi ni kwamba hakuna aliyekusudia vita siku ile. Ishara ilisomwa vibaya, basi.

Michezo ya kusukumana iliendelea hata hivyo. Mwezi Mei 1967, manowari ya Marekani USS Walker iligongana na meli za Kisovieti siku mbili mfululizo katika Bahari ya Japani. Hatimaye, mwaka 1972, nchi hizo zilitia saini mjini Moscow mapatano ya kuzuia ajali baharini: msielekezeane mizinga wala mitambo ya makombora kama mnaojifanya kushambulia, msimulikiane taa kali kwenye chumba cha kuongozea meli, tumieni ishara zinazoeleweka kwa wote. Kila mwaka maofisa wao wa majini walikutana kulalamikiana ana kwa ana. Naliona hilo la mikutano kuwa ndilo lililofaa kuliko yote, kwa sababu wanaokutana mezani ni mabaharia wanaoijua bahari.

Marekani na China nazo zilikubali kanuni za namna hiyo mwaka 2014 huko Qingdao, China, ila hizo hazifungi kisheria. Mwaka 2018, katika Bahari ya Kusini ya China, manowari ya China iliikaribia manowari ya Marekani USS Decatur kwa umbali wa mita 41 hivi.