Chujio ni la kutazamia, si la kupimia

Mwanafunzi akifungua rekodi ya tetemeko kwa mara ya kwanza, mkono wake huenda moja kwa moja kwenye chujio, yaani zana ya programu inayoondoa masafa fulani ya mtikisiko. Namwelewa. Mstari uliochujwa unapendeza, na kelele zote zinatoweka. Tatizo huanza anapoweka alama za kuonyesha mawimbi yalipofika juu ya mstari huohuo.

Mimi hufundishia Swarm, programu ya bure kutoka kwa wataalamu wa volkano wa Shirika la Jiolojia la Marekani, USGS. Imeandikwa kwa Java, hivyo hata laptopu ya kawaida inaimudu. Ukiwa na intaneti, inavuta rekodi kutoka kwenye hifadhi za kimataifa. Usipokuwa nayo, unaifungulia faili ya miniSEED, muundo wa kuhifadhia rekodi za matetemeko.

Tuchukue tetemeko la Kagera la 10 Septemba 2016, lenye ukubwa wa 5.9. Lilipiga saa 9:27 alasiri (15:27), ila kwenye programu litafute 12:27, maana rekodi hizi hutunzwa kwa saa za UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma yetu kwa saa tatu. (Malalamiko mengi ya "data haipo" huishia hapa.) Fungua kituo cha kupima matetemeko cha MBAR, Mbarara, Uganda, kilomita kama 110 kutoka kitovuni. Kwa umbali huo tarajia wimbi la S, la pili na la polepole zaidi, lije sekunde kama 14 baada ya P, wimbi la kwanza kufika. Zidisha sekunde hizo kwa 8, upate umbali kwa makadirio. Hapo huhitaji chujio lolote.

Sasa hamia kituo cha KMBO, Kilima Mbogo, Kenya, zaidi ya kilomita 600 kutoka kitovuni, utafute mitetemo midogo iliyofuata. Hiyo huzama kwenye kelele. Bakiza masafa ya hezi 1 hadi 10: mtikisiko wa polepole unaotoka baharini unaondoka na tetemeko linajitokeza.

Ila kuna aina ya chujio inayopitishwa mara mbili juu ya rekodi, kwenda mbele kisha kurudi nyuma, ili lisicheleweshe mawimbi. Halicheleweshi kweli, lakini linamwaga sehemu ya nguvu ya wimbi upande wa nyuma, hadi P inaonekana imeanza kabla haijafika! Lile la kupita mara moja halina kosa hilo, ila nalo huchelewesha kidogo.

Alama ikikosea kwa nusu sekunde, hilo si jambo dogo. Kwa wimbi linalokwenda kilomita 6 kwa sekunde, hizo ni kilomita 3, na kinachoumia zaidi ni kina cha tetemeko ardhini. USGS ilikadiria kina cha tetemeko la Kagera kuwa kilomita 40. Vituo vikiwa vichache, alama moja mbovu inatosha kukisogeza.

Kwa hiyo mimi hutumia chujio kulitafuta tetemeko, kisha nalizima, navuta picha karibu na kuweka alama kwenye data ghafi, isiyochujwa. Ikishindikana kabisa, natumia lile la kupita mara moja na kuishusha alama uzito, ili ihesabiwe kidogo katika kukadiria tetemeko lilipotokea. Kwenye SEISAN, programu ya Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, 0 ni uzito kamili na 4 ni kutohesabiwa kabisa, kinyume na anavyodhani mgeni.

Mwelekeo wa mruko wa kwanza wa wimbi la P, juu au chini, ndio unaotusaidia kujua ufa ulivyoteleza. Chujio la kwenda na kurudi linaweza kutanguliza kijiwimbi cha uongo kinachoelekea upande mwingine. Data ghafi isipoonyesha wazi, sehemu ya kuandika mwelekeo naiacha tupu.