"Huyu Ndiye Mwizi, Sambazeni": Yanayoaminika Kwenye Magrupu ya Mtaa na Ukweli Wake

Unaamka saa 12 asubuhi, grupu la mtaa lina meseji 94. Picha ya kijana mwenye koti la kofia, imekatwa kwenye video ya kamera ya geti na kuzungushiwa duara jekundu. Chini yake: "Huyu ndiye aliyeng'oa saiti mira za gari la mama wa duka. Sambazeni!!" Mimi ni mmoja wa maadmini wa grupu la namna hiyo hapa Dar es Salaam, na kila wizi ukitokea nayasikia maneno yaleyale.

"Kamera haidanganyi." Haidanganyi, ila sisi tunaisoma vibaya. Siku hiyo video ilionyesha 02:10. Jirani mmoja akaandika grupuni "saa mbili na dakika kumi usiku". Watu wakaanza kukumbuka nani huwa anapita saa mbili, na hakuchelewa kupatikana: muuza mayai ya kuchemsha, ana koti kama lile na hupita muda huo kila siku. Namba yake ya simu ikabandikwa, na nyumba anakopanga ikatajwa. Mpaka mchana ndipo mwalimu mmoja mstaafu akauliza, "Jamani, 02:10 si saa nane usiku?" Ushahidi wote dhidi ya kijana ulikuwa huo wa kupita saa mbili, basi ukaishia hapo. Picha ilikuwa imeshafika magrupu mengine mawili.

Majaji walishalisema hili zamani. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu mno, usitegemewe mpaka uwezekano wote wa kumfananisha uondolewe. Shahidi huulizwa: ulimwona kwa muda gani? Ukiwa umbali gani? Kulikuwa na mwanga? Ulikuwa unamfahamu kabla? Grupuni swali la kwanza huwa "anakaa wapi?"

"Tukimsambaza tunawarahisishia polisi kazi." Hili ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linamwokoa mwizi wa kweli. Mtuhumiwa asiyefahamika akikamatwa, polisi huweza kuandaa gwaride la utambulisho: anapangwa na wenzake wa umbo la kufanana naye, mstari wa watu wasiopungua 8, na shahidi anamchagua. Thamani ya gwaride inategemea shahidi kuwa hajaonyeshwa mtuhumiwa kabla. Sasa shahidi aliyeitazama picha grupuni wiki nzima anatambua nini, mwizi au ile picha? Wakili wa utetezi atalishika swali hilo hapohapo.

"Mimi nimesambaza tu kama nilivyopokea." Kwenye kesi ya kashfa, yaani kumchafulia mtu jina, anayerudia naye huhesabiwa ametangaza. Na ukisambaza huku unajua ni uongo, kwa nia ya kumchafua mtu, kifungu cha 16 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinataja faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Halafu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023. Hiyo inaziweka taarifa za makosa ya mtu, na za watoto, kwenye fungu la taarifa nyeti. Nasema watoto kwa sababu nusu ya "vibaka" tunaowabandika ni vijana wa sekondari.

"Ikibainika siye, tutafuta." WhatsApp inakupa siku mbili na ushei kumfutia kila mtu meseji yako. Waliokwisha kupiga skrinishoti hutawafikia. Mwaka 2018 nchini India, uvumi wa watekaji watoto uliosambaa WhatsApp ulisababisha watu wasio na hatia kuuawa na makundi ya watu, na Julai mwaka huo kampuni ikapunguza idadi ya gumzo ambazo mtu anaweza kusambazia ujumbe kwa mara moja, zikawa 5. Huku kwetu umati hauhitaji hata simu. Kitengela, Kenya, Agosti 2021, binamu wawili waliuawa kwa kudhaniwa wezi wa mifugo.

"Kwa hiyo tukae kimya tuibiwe?" Hapana, andikeni, lakini andikeni tukio. Video nzima, bila kukata, ihifadhiwe kwenye flashi kabla mashine haijaifuta yenyewe, na saa ya mashine ilinganishwe na ya simu. Kachukue RB (namba ya taarifa uliyoandikisha) kituo cha polisi, mjulishe mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Tukio likiwa bado linaendelea, piga 112, namba ya dharura. Grupuni tulikubaliana meseji iwe hivi:

"Saiti mira zimeng'olewa usiku wa kuamkia leo, saa nane na dakika kumi, mtaa wa msikitini. Aliingia kwa kuruka ukuta wa nyuma. Mwenye kamera upande wa barabara ahifadhi video ya saa saba hadi saa tisa usiku. RB imeshachukuliwa. Tafadhali tusitaje mtu."

Muuza mayai siku hizi anapita barabara ya juu. Aliyebandika namba yake bado yumo grupuni, kila asubuhi anatuma maua ya "habari za asubuhi majirani".