B.A. au B.M.? Hesabu ya krediti katika shahada za muziki za Marekani

Kijana mmoja anayepiga kinanda katika kwaya ya kanisa aliniletea fomu za vyuo viwili vya Marekani, kimoja kikitoa B.A. (Bachelor of Arts) ya muziki na kingine B.M. (Bachelor of Music), akataka nimwambie ipi ndiyo shahada kubwa. Nimewashauri waombaji wa masomo ya muziki kwa muda mrefu, na swali hilo huwa nalijibu kwa kalamu na karatasi.

Zote mbili ni shahada za kwanza za miaka minne, zenye krediti (vipimo vya wingi wa masomo) zipatazo 120. NASM, chama cha ithibati ya shule za muziki kilichoundwa mwaka 1924, hutaka angalau asilimia 65 ya masomo ya B.M. yawe ya muziki, yaani krediti 78: ala yako kila muhula, nadharia, usomaji wa noti papo kwa papo, historia, okestra au kwaya, pamoja na onesho lako mwenyewe mbele ya walimu. Katika B.A. muziki huchukua asilimia 30 hadi 45, yaani krediti 36 hadi 54, na nafasi inayobaki unaweza kusomea lugha, uchumi au hata fani ya pili. Anayetaka kufundisha shuleni huchukua shahada ya ualimu wa muziki, yenye mazoezi ya kufundisha ndani yake.

B.F.A. (Bachelor of Fine Arts, shahada ya kwanza ya sanaa) ya uchoraji, uigizaji au dansi imejengwa kama B.M. Juu yake ipo M.F.A. (Master of Fine Arts, uzamili wa sanaa), ambayo Marekani huhesabiwa kuwa shahada ya mwisho ya msanii na hutosha kumpatia kazi ya kufundisha chuo kikuu. Mpigaji wa ala, kwa upande wake, huendelea na M.M. (uzamili wa muziki) kisha D.M.A. (uzamivu wa sanaa ya muziki), na mtafiti huelekea Ph.D. (Mwenye M.F.A. anayerudi Tanzania ajiandae, maana hapa cheo cha mhadhiri kwa kawaida hudai uzamivu.)

Kijana wangu hakukwama kwenye krediti. B.M. humsaili mwombaji kwa kumpigisha ala, mara nyingi pamoja na mtihani wa nadharia, naye, kama wanakwaya wetu wengi, husoma solfa tu, yaani noti za herufi (d, r, m). Nilipomwekea ukurasa wa noti za mistari mitano, alihesabu mistari kwa kidole kutoka chini, noti moja baada ya nyingine. Ameahirisha maombi kwa mwaka mmoja, na kila Jumamosi anakuja na daftari la mistari.