Barua Mbili za Uzamivu Mezani

Kila mwaka, kuanzia Februari, wanafunzi hunijia na barua za kukubaliwa kusoma uzamivu, yaani PhD. Mwaka huu alikuja binti aliyemaliza uzamili hapa Kisumu akipima sumu ya mwani katika Ghuba ya Winam, Ziwa Victoria. Alikuwa na barua mbili, ya Marekani na ya Ujerumani. "Daktari, niende wapi?" Kwao walikuwa wameshaamua: Marekani, kwa sababu jina la chuo hicho wamelisikia redioni.

Nilimwambia tufunike nembo tusome masharti. Marekani utakaa darasani mwaka mmoja au miwili, utafanya mtihani wa kukuruhusu kuendelea, na kwa jumla utatumia miaka mitano au zaidi. Katika sayansi na uhandisi, kwa kawaida karo hulipiwa, nawe hupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti. Ujerumani mara nyingi unaajiriwa. Ngazi ya mshahara huitwa E13, lakini mkataba unaweza kuwa wa asilimia 65 ya saa za kazi, huku maabara ikikutarajia siku nzima. Mikataba mingi ni ya miaka mitatu, na wengi hawamalizi kwa miaka mitatu. Basi uliza: mwaka wa nne nitalipwa na nani? Marekani nako uliza kama posho ni ya miezi 9 au 12, kisha utoe kodi ya nyumba na bima ya afya uone kinachobaki.

Lakini kinachonikosesha usingizi ni msimamizi, yaani profesa anayeongoza utafiti wako. Mimi wangu alihamia chuo kingine nikiwa mwaka wa pili. Nilibaki na sampuli kwenye friza, na pale idarani hapakuwa na mtu aliyeuelewa mradi wangu. Nilipoteza miezi minane. Kwa hiyo namsihi kila mwanafunzi aulize msimamizi wa pili ni nani, na jina hilo liandikwe.

Zungumza pia na waliokwisha kutoka katika maabara hiyo, si waliomo tu, maana aliyemo bado anahitaji sahihi ya profesa. Wapigie simu, mambo mazito watu hawayaandiki kwenye barua pepe. Waliomaliza walichukua miaka mingapi? Wako wapi sasa? Wangapi waliondoka bila shahada? Mtu akinyamaza kidogo kabla ya kujibu hilo la mwisho, hilo nalo ni jibu.

Usikubali kuharakishwa. Vyuo vingi vya Marekani vimetia saini azimio kwamba mwanafunzi aliyepewa ufadhili asilazimishwe kujibu kabla ya tarehe 15 Aprili. Barua ya Marekani ya binti huyu ilimtaka ajibu ndani ya siku kumi. Tuliandika kwa adabu kuomba muda, wakampa.

Alichagua Ujerumani. Maabara ile ina mashine ya kupima sumu anayoitafiti, wasimamizi wawili wametajwa kwenye mkataba, na waliomaliza waliongea naye bila kusita. Baba yake alitaka kujua jambo moja tu, kama atarudi kufanya kazi ziwani. Sampuli zake zitatoka Dunga, ufukweni hapa Kisumu.

Jioni ileile nilimketisha aandike barua ya kukataa nafasi ya Marekani. Kuna mwenzake kwenye orodha ya kusubiri, anafungua simu kila asubuhi.